Nesi kaandika dawa za watu wawili, mume wangu hazitaki zake

Shangazi, shikamoo.

Naandika usiku huu mume wangu amelala, simu nimeipunguza mwanga. Nina miaka 29, naishi Muheza, nina mtoto wa miaka minne na mimba ya wiki 27. Jina langu naomba ubaki nalo mwenyewe.

Mimba ya kwanza nilitokwa na ute mwingi, mweupe, mwepesi kama maji ya mchele, wala haukuwa na harufu ya kukera. Nikajifungua salama. Kwa hiyo safari hii ulipoanza sikushtuka. Nilishtuka mimba ilipoingia mwezi wa sita. Nilikuwa nafua, nikaona chupi nyeupe ina doa la manjano linaloelekea ukijani, limekauka pembeni kama uji uliosahaulika kwenye mwiko. Siku mbili mbele likaja povu, na shombo ambalo hata nimetoka kuoga, nikikaa tu nalisikia. Kuwasha ndio usiseme. Mkojo unachoma, na tukikutana na mume wangu naumia, najikaza.

Tunaishi na mama mkwe. Ananipenda, sitamsema vibaya. Nilipomdokeza alicheka: "Mimba inajisafisha hiyo, mwanangu." Akanipa kipande cha shabu, niloweke kwenye maji ya uvuguvugu nijisafishe kwa ndani. Nilifanya jioni mbili. Ya tatu sikuweza, palikuwa panawaka kama nimepaka pilipili.

Nikaenda duka la dawa. Kijana aliyekuwepo hata sikummalizia maelezo, akasema fangasi, akanipa vidonge sita vya kuweka ukeni, kimoja kila usiku. Nikamaliza vyote. Muwasho ulipungua kidogo, uchafu ukabaki palepale.

Utaniuliza kwa nini sikusema kliniki, na nilikuwa na kadi. Shangazi, kliniki yetu mnakaa kwenye benchi mmebanana, nesi anauliza kwa sauti, "Mama, una tatizo lolote?" na nyuma yako kuna wanawake kumi, wawili ni majirani zako. Hapo kila mtu hana tatizo. Unapimwa presha, unapimwa tumbo, unapewa vidonge vya damu, unarudi nyumbani na shombo lako.

Wiki tatu zilizopita nikapanda daladala nikaenda kituo cha afya kingine, nisikojulikana. Nikapata nesi mtu mzima, akafunga mlango kwanza, ndio akaniuliza. Nilimweleza yote mpaka shabu. Alinigombeza kidogo, kwamba ukeni kuna bakteria wazuri wanaolinda, na ukisafisha kwa ndani kwa sabuni, shabu au majani unawafukuza walinzi. Akanichunguza, akachukua uchafu kwa kijiti chenye pamba, ukapelekwa maabara. Baada ya nusu saa fundi wa maabara akarudisha karatasi: wameonekana wadudu wanaoitwa trikomona.

Hapo ndipo nesi alinifungua macho. Alisema fangasi mara nyingi uchafu wake ni mzito, mweupe, umekatikakatika kama maziwa mgando, na unawasha. Kuna mwingine wa kijivu, mwepesi, unanuka samaki, huo unakuja bakteria wa ukeni wakivurugika, wala si lazima uwe umeletwa na mtu. Lakini huu wangu wa kijani na povu unaambukizwa kwa kujamiiana, na ukiachwa kuna hatari ya uchungu kuanza kabla ya wakati au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Akaniambia pia nikiona maji yanachuruzika yenyewe, au damu, nisingoje siku ya kliniki, niende saa hiyohiyo.

Akanipa Flagyl, vidonge 28, viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku saba. Na karatasi ya kumwita mume wangu naye aje apewe zake. Tusikutane mpaka wote tumalize na dalili ziishe. Nikamuuliza, huyu mdudu ameingia lini? Akasema hawezi kujua. Wanaume wengi hawaoni dalili yoyote, na hata mwanamke anaweza kukaa naye miezi bila kujua. "Kwa hiyo mama, usiende nyumbani kuanzisha kesi," akaniambia.

Sikuanzisha mimi. Nilimpa karatasi mume wangu baada ya chakula, kwa upole. Akaisoma, akaikunja mara nne. "Mimi mzima, nitibiwe nini?" Nikamweleza alivyosema nesi. Akasema, "Si tulipima wote?" Ni kweli, hudhurio la kwanza tulikwenda pamoja, tukapimwa VVU na kaswende, majibu yetu yote mazuri. Hata mimi nilidhani hapo tumepimwa kila kitu, kumbe mdudu huyu hakuwemo kwenye vipimo vile. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi: "Korogwe ulikaa wiki tatu. Ulikuwa na nani?"

Shangazi, Korogwe nilikwenda kumzika baba yangu, nikakaa mpaka shughuli zikaisha. Nililala na mama yangu kitanda kimoja.

Yeye ni fundi seremala, karakana iko hapohapo mtaani, jioni anarudi na vumbi la mbao nywele zote. Sijawahi kumshuku. Sasa nikimwangalia nashindwa kuacha kuhesabu siku alizochelewa, na najua naye ananihesabia mimi.

Dawa nazo niliziharibu mwenyewe. Zinaacha mdomoni ladha kama unamung'unya shilingi, na mama mkwe alipoziona akasema dawa kali hivyo zitamwunguza mtoto. Siku ya tatu muwasho ulikuwa umetulia, nikaacha. Nikawa nimemeza 12. Vilivyobaki 16 viko kwenye kopo la maziwa. Na kukutana tumekutana, mara mbili, kwa sababu nikikataa inakuwa ushahidi wa Korogwe. Juzi povu limerudi.

Naomba unisaidie haya. Nimalizie hivi 16, au nirudi kwa nesi nianze upya? Naona aibu kumwambia niliacha. Je, ni kweli dawa hii inamdhuru mtoto? Nesi alisema ni salama kwa mjamzito, mama mkwe ana wajukuu saba, nami niko katikati. Na nikitibiwa peke yangu, si atanirudishia tu?

La mwisho ndilo zito. Nimwambie maneno gani mume wangu akameze dawa, bila yeye kukiri kitu na bila mimi kukiri kitu? Kaka yake mkubwa anamsikiliza sana, nimefikiria kumshirikisha, ila naogopa jambo la chumbani likishafika kwa shemeji litafika ukoo mzima. Nesi alisema yuko tayari kuongea naye mwenyewe, hata kwa simu. Namba ninayo, ila sijui nimpe mume wangu niseme ni ya nani.

Mama Kijacho,
Muheza, Tanga