Hispania haikuwa pembezoni mwa uchoraji wa Ulaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala ya historia ya sanaa ya Ulaya iliyochapishwa hivi karibuni. Makala hiyo iliwatendea haki wachoraji wa Italia, Uholanzi na Ufaransa, lakini Hispania iliambulia aya moja tu, ambamo Velázquez, Goya na Picasso walitajwa kana kwamba ni watu watatu waliochipuka peke yao katika nchi isiyo na mapokeo ya uchoraji. Mwandishi hayuko peke yake katika mtazamo huo, kwa kuwa Ulaya yenyewe iliuamini kwa muda mrefu. Hata hivyo, Hispania ilikuwa ndani kabisa ya mkondo wa uchoraji wa bara hilo, na kilichoifanya ionekane imekaa kando si upungufu wa wachoraji wake, bali ni mahali kazi zao zilikofungiwa.

Wafalme wa Hispania wa ukoo wa Habsburg walitawala pia Napoli, Milano na Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo), kwa hiyo picha na wachoraji walisafiri ndani ya himaya moja. Titian wa Venice alimchora Mfalme Carlos V akiwa juu ya farasi mwaka 1548, kisha akamfanyia kazi mwanawe, Felipe II, ambaye pia alikusanya kwa bidii picha za Hieronymus Bosch, mchoraji wa Uholanzi. El Greco, aliyezaliwa Krete mwaka 1541 na kupitia Venice na Roma, alifika Toledo mwaka 1577 na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 1614. Wengine walikwenda upande wa pili: Ribera, mzaliwa wa Xàtiva, alijijengea jina Napoli na kufia huko. Rubens, mchoraji wa Flanders, alipokuja Madrid mwaka 1628 na kunakili picha za Titian katika kasri, alimkuta Velázquez, kijana wa miaka 29, akiwa tayari mchoraji wa Mfalme Felipe IV, na mwaka uliofuata Velázquez akaenda Italia kwa safari yake ya kwanza. Hayo si maisha ya watu waliojitenga na Ulaya.

Kwa nini basi hawakujulikana? Jibu lake ni wateja wao. Zurbarán alichora hasa kwa ajili ya nyumba za watawa, na Velázquez alichora kwa ajili ya mfalme mmoja. Las Meninas, picha ya mwaka 1656 yenye urefu unaozidi mita 3, ambamo mchoraji amejiweka mwenyewe kando ya binti mfalme huku mfalme na malkia wakionekana katika kioo tu, ilitundikwa ndani ya kasri ambako ni wachache mno walioweza kuiona. Ukimwacha Ribera, aliyeishi ng'ambo, ni Murillo, mchoraji wa Sevilla, aliyevuma mapema nje ya nchi, kwa sababu wafanyabiashara wa Flanders waliokaa Sevilla walinunua picha zake za watoto wa mitaani.

Milango hiyo ilifunguliwa kwa nguvu. Majeshi ya Napoleon yalipoivamia Hispania mwaka 1808, Marshal Soult alijitwalia picha nyingi kutoka makanisa na nyumba za watawa za Sevilla, na mwaka 1852 mojawapo, Bikira Maria wa Murillo, ikanunuliwa na jumba la makumbusho la Louvre la Paris kwa zaidi ya faranga 580,000. Jumba la makumbusho la Prado lilifunguliwa Madrid mwaka 1819. Serikali ya Hispania ilipozifunga nyumba za watawa miaka ya 1830, mawakala wa Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa walinunua mamia ya picha, na mwaka 1838 zaidi ya 400 zikaonyeshwa Louvre, mpaka mapinduzi ya mwaka 1848 yalipomwondoa mfalme huyo na mkusanyiko wake ukaja kuuzwa London. Siuiti uporaji wa Soult heri. Makanisa yale yalibaki na kuta tupu. Lakini lazima isemwe kwamba Ulaya ilijifunza uchoraji wa Hispania kwa njia hiyo, karibu miaka 200 baada ya kazi zenyewe kukamilika.

Kilichofuata ndicho makala ilipaswa kukieleza. Mchoraji Mfaransa Édouard Manet alikwenda Madrid mwaka 1865, akamwandikia rafiki yake kwamba Velázquez ni mchoraji wa wachoraji. Katika Prado aliona picha ya Pablo de Valladolid, mchekeshaji wa kasri aliyevaa nguo nyeusi, akiwa amesimama mahali pasipo na ukuta wala mstari wa sakafu, akibebwa na kivuli chake tu. Mwaka 1866 Manet alichora kijana mpiga filimbi wa jeshi kwa namna hiyo hiyo. Tangu mwaka 1867 alichora mara kadhaa kuuawa kwa Mfalme Maximilian wa Mexico, akiwapanga askari wenye bunduki kama Goya alivyowapanga mwaka 1814 katika picha ya raia wa Madrid wakipigwa risasi. Anayeuita uchoraji wa kisasa zao la Paris peke yake anakata mzizi wake mmoja mkubwa.

Kuna mtu mwingine ambaye wasomaji wako wangestahili kumjua. Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Kiafrika, alikuwa mtumwa katika karakana ya Velázquez. Velázquez alimchora Roma mwaka 1650, akitazama mbele kwa utulivu wa mtu anayejua thamani yake, na mwaka huo huo akatia saini hati ya kumwachia huru, ingawa kwa sharti la kuendelea kutumika miaka minne zaidi. Pareja akawa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Wito wa Mtakatifu Mathayo, aliouchora mwaka 1661 na ambamo amejiweka mwenyewe, uko Prado. Kwa muda mrefu alitajwa tu kama sura katika picha ya bwana wake, jambo linalonihuzunisha kuliko jingine lolote katika historia hii.

Kuhusu Picasso nitasema machache, kwa kuwa yeye hakosi wa kumsemea. Alizaliwa Málaga mwaka 1881, akaishi Ufaransa sehemu kubwa ya maisha yake, na mwaka 1957 akachora picha 58 kutokana na Las Meninas. Ninaomba, Mhariri, kwamba gazeti likirejea tena kwenye mada hii, lianzie Sevilla na Toledo kabla ya kufika Paris, na lichapishe picha ya Pareja pamoja na ile aliyoichora kwa mkono wake.

Msomaji wako