Kaya Sita Katika Kila Mia

Kwako ndugu yangu Hamadi,

Salamu nyingi, na baada ya salamu ni kukujulisha kwamba sisi hatujambo, ila nina deni la barua la miezi saba na naona haya kulilipa kwa ubishi. Rasimu ya mhadhara wako aliniletea Mama Rukia juzi (karatasi zinanuka karafuu, hilo nalo utanieleza). Nimekwama pale unaposema kwamba Hispania ya zamani "kila kabila lilizaliwa na kazi yake", Wamorisko kilimo na Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, uhunzi.

Tazama Valencia, ufalme wa mashariki mwa Hispania. Amri ya kuwafukuza Wamorisko, yaani Waislamu waliolazimishwa ubatizo pamoja na vizazi vyao, ilitangazwa huko tarehe 22 Septemba 1609 kwa jina la Mfalme Felipe wa Tatu, wakapewa siku tatu. Ndani ya amri hiyohiyo, hata hivyo, kiliwekwa kifungu kinachoruhusu kaya sita katika kila mia zibaki, ili nyumba, vinu vya miwa, mavuno ya mpunga na mifereji ya kumwagilia visiharibike, na walowezi wapya wapate wa kuwaelekeza. Sita katika mia, Hamadi! Mtu ni adui wa dini na wa dola, lakini asipande jahazi kabla hajaonyesha maji yanafunguliwa wapi. Kama ustadi ule ungekuwa wa kuzaliwa, walowezi wangefundishwa nini? Wengi walioruhusiwa walikataa kubaki, na ufalme ule ukapoteza takriban theluthi ya watu wake. Hata neno la Kihispania *azúcar* na sukari yetu vimetoka katika Kiarabu kilekile. Hilo lingefaa mhadhara wako kuliko habari za damu.

Wagitano nao, sheria ya 1695 iliwakataza kazi yoyote, hata uhunzi, isipokuwa kilimo. Mwaka 1749 walipokamatwa kwa maelfu, wanaume wakapelekwa kufanya kazi za sulubu katika karakana za meli za jeshi la majini, ipo miji iliyoomba irudishiwe wahunzi wake. Ni mwaka 1783 tu ndipo Carlos wa Tatu alipowaruhusu kushika kazi waitakayo. Serikali haipigi marufuku jambo ambalo halitendeki, wala haifungui mlango usiofungwa.

Nilitaka kuandika pia juu ya ngozi na hariri, lakini kila nikianza narudi kwa wale sita, ambao mabwana wa ardhi ndio waliopewa kuwachagua.

Je, mhadhara ni lini, na sentensi ile utaifuta? Goti la shemeji limepona? Ni kweli umeuza baiskeli bila kuniambia? Na ungekuwa kaya ya saba, ungemwambia nini jirani yako wa sita siku ya kufunga mizigo?

Wako,
Seif