Kwa mdogo wangu uliyeondoka jumuiyani bila kuaga

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Najua salamu hii utaipita kimya, kama ulivyonyamaza Krismasi pale kwa mama, watoto wote wakiitikia "Milele, amina" na wewe ukijishughulisha na birika la chai. Sikukusemesha siku ile. Mama alikuwa na furaha ya kutuona tumekusanyika, sikutaka kumharibia sikukuu. Lakini usiku, tulipobaki wawili uani, ulisema maneno ambayo sijaweza kuyatua tangu hapo: "Dada, imani yangu ni mimi na Mungu wangu. Mimi ni mtu huru. Siwezi kumpigia magoti katibu wa jumuiya ili mwanangu abatizwe."

Nakujibu hadharani kwa sababu wapo wazazi wengi waliokwama pale ulipokwama, tena hawana wa kuwaambia. Na kwa sababu nyingine iliyo nzito zaidi kwangu: nilikuwa katibu wa jumuiya, kile kikundi cha familia jirani za Kikatoliki wanaosali pamoja kila wiki, kwa miaka sita. Daftari kama lile lililofunguliwa mbele yako, mimi nimelishika.

Ulikwenda na fomu ya ubatizo, shemeji akiwa amembeba mtoto. Katibu akafungua daftari na kusoma kwa sauti, watu wakiwa bado wamekaa mkekani: mahudhurio hakuna tangu mwezi wa tatu, zaka ya mwaka mzima hakuna, mchango wa ujenzi wa nyumba ya mapadre unadaiwa laki moja na ishirini. Akalifunga. "Ukikamilisha, njoo." Ukachukua fomu yako ukatoka, na hujarudi. Mtoto sasa ana miaka miwili na nusu.

Ulionewa. Nalisema hili kwanza, peke yake, lisije likamezwa na mengine nitakayosema. Deni la ujenzi halikupaswa kuingia katika habari ya ubatizo hata kidogo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 848, inamkataza mhudumu kudai chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na inamtaka ahakikishe maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Papa Fransisko aliliandika jambo hilo mwaka 2013 kwa lugha ya kawaida kabisa: Kanisa si kituo cha kutoza ushuru, ni nyumba ya Baba. Kama ungeyajua haya ungeyasema pale pale. Hukuyajua kwa sababu sisi viongozi wa jumuiya tunajua kuwakumbusha watu zaka kila wiki, ila haki zao hatuwasomei.

Lakini katibu yule alisoma mambo matatu, na hayafanani. Ukiondoa hela, linabaki la mahudhurio, na hapo naomba unisikilize. Kanuni ya 868 inasema mtoto mchanga atabatizwa ikiwa angalau mzazi mmoja amekubali, na ikiwa lipo tumaini lenye msingi kwamba atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini lenye msingi! Paroko mwenye vigango vyake, yale makanisa madogo ya parokia, na waamini maelfu atalijuaje? Anauliza majirani. Barua ya jumuiya kazi yake ni hiyo, majirani kusema: tunawafahamu hawa, mtoto huyu hatakua peke yake. Kwa hiyo mtu kukuuliza "mbona hatukuoni?" hakukuonea. Alikuonea kwa kuuliza kama mdai, wakati alipaswa kukuuliza kama ndugu, mkiwa mmekaa pembeni, kwa sauti ya chini, na kisha kusubiri jibu.

Nalijua hili kwa uchungu. Katika jumuiya yetu alikuwepo baba mmoja, mlinzi wa usiku, anaishi nyumba ya nne kutoka kwangu. Kwenye daftari langu, mstari wake ulikuwa mweupe: Jumamosi baada ya Jumamosi, hakuna alama. Alipofariki, kamati ilikaa kuamua kama tutamzika, na mwenyekiti akaniagiza nisome. Nikasoma. Nilisoma kwa usahihi, bila kuongeza wala kupunguza, nikajisikia nimetimiza wajibu. Tulibishana hadi saa nne usiku. Mwishowe akazikwa na katekista, bila Misa, na kwaya haikwenda. Makaburini mkewe aliniambia, hata hakuwa na hasira: "Mama katibu, mnasali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili ndiyo alikuwa anatoka lindo." Alikuwa na safari ya saa moja na nusu kufika nyumbani. Miaka minne nilimpita mlangoni kwake nikienda sokoni, na sikuwahi kumuuliza.

Baadaye nilikwenda kuitafuta sheria yenyewe. Wanaonyimwa mazishi ya Kanisa wametajwa katika kanuni ya 1184: walioiasi imani waziwazi, wanaochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazoipinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa hadharani ambao kuwazika kungewakwaza waamini, tena ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Mlinzi anayekosa jumuiya kwa sababu ya lindo hayumo. Nimeungama jambo hili. Kwa mjane wake nilikwenda pia, na alinipokea, akanipa kiti. Sijui kama nimelimaliza.

Ndiyo maana siwezi kukuambia, kama wanavyokuambia wajomba, kwamba uache kiburi ulipe urudi. Uhuru wako naujali. Kanisa lenyewe lilitamka katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, tarehe 7 Desemba 1965, kwamba katika mambo ya dini mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Waliofikia tamko hilo walibishana miaka, na miongoni mwao alikuwemo Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika nyakati hizi.

Na sisi tuna historia yetu na neno hili, uhuru. Mwaka juzi nilikwenda hija Bagamoyo na akina mama wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakawa wananunua watumwa na kuwapa uhuru, wakawajengea kijiji. Nilisimama chini ya miembe nikawaza maisha ya watu wale. Kengele iliwaamsha, kengele ikawapeleka shambani, kengele ikawaita kusali, na ndoa zao zilipangwa chini ya macho ya misheni. Wapo waliotoroka. Wapo waliobaki wakawa wakulima, mafundi na makatekista waliobeba imani hadi bara. Nilipokuwa msichana tulifundishwa habari za waliobaki tu. Sasa najikuta nawafikiria sana wale waliotoroka, na naona hawakuwa wakimkimbia Mungu.

Hata wewe sidhani kama unamkimbia Mungu. Ila neno lako, "mimi na Mungu wangu", silikubali, na nitakuambia kwa nini kwa kukukumbusha msiba wa baba.

Wewe ulifika siku ya pili, ukitokea safari. Ulikuta turubai limesimama. Ulikuta sufuria kubwa tatu motoni, kuni zimepasuliwa, mapipa ya maji yamejaa, na rozari inasaliwa zamu kwa zamu usiku kucha. Hukumuuliza mtu nani ameleta nini, na hukupaswa kuuliza, ulikuwa umefiwa. Leo nakuambia. Turubai na masufuria ni mali ya jumuiya, yalinunuliwa kwa mia tano tano za kila wiki. Kuni alizibeba kichwani mama yule muuza mchicha wa karibu na kisima. Kaburi lilichimbwa na vijana sita wa kigango, mvua inanyesha, na wawili kati yao hawakuwahi hata kumjua baba. Walikuja kwa sababu kengele ya msiba imelia na zamu ni yao. Wewe ulikuwa huru kulia, mdogo wangu, ulilia vizuri, kwa sababu wengine walishika wajibu. Kama kila mmoja wao angesema siku ile "imani yangu ni mimi na Mungu wangu", baba tungemzika sisi na nani?

Jumuiya hizi hazikuanzishwa ziwe vituo vya kukusanyia michango. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuamua zijengwe kila mahali, walitaka watu wachache wanaojuana kwa majina, wanaosoma Injili pamoja na kusaidiana shida. Bahasha zimeingia baadaye, moja baada ya nyingine: zaka, tegemeza, mavuno, ujenzi, zawadi ya upadrisho, sare ya sikukuu ya somo. Kuna Jumamosi nimeshuhudia Injili ikipewa dakika kumi na matangazo ya michango dakika arobaini. Hilo ni kosa letu, na nililisema kwenye kikao nikaambiwa nimekuwa mkali.

Bado kulitegemeza Kanisa ni wajibu, kanuni ya 222 haikwepeki. Luku ya kanisa inalipwa, katekista ana watoto wanaosoma, pikipiki ya paroko haiendi vigangoni kwa maji. Lakini kitabu hicho hicho, kanuni ya 1287, kinawataka wasimamizi wa mali wawape waamini hesabu ya walichotoa. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha. Na ya 212, ambayo natamani ibandikwe mlangoni mwa kila kanisa, inasema waamini wana haki, na wakati mwingine ni wajibu wao, kuwaambia wachungaji mawazo yao kuhusu mema ya Kanisa, kwa heshima. Haki hiyo hiyo inaitwa wajibu! Nilipolisoma hilo nilikufikiria wewe. Wewe ndiye mwenye ulimi katika ukoo wetu, wewe ndiye uliyemsimamia mama kwenye baraza la ardhi bila wakili. Ukatoka jumuiyani kimya. Katibu yule bado anasoma daftari lake kwa sauti ile ile, na aliyefuata kusomewa huenda ni msichana asiye na mume wala mdomo.

Mwaka uliofuata msiba wa yule mlinzi, nilisimama kwenye halmashauri ya parokia nikaomba hesabu za ujenzi zisomwe. Palikuwa kimya kibaya. Mzee mmoja akasema namsema padre. Nikarudia, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, kwamba simsemi mtu, naomba hesabu. Ilichukua miezi mitatu. Dominika moja zikabandikwa kwenye ubao karibu na mlango, karatasi mbili zilizopigwa chapa, na Misa ya kwanza ilipotoka watu hawakwenda nyumbani. Ikaonekana fedha ya mabati ilikwenda kwenye geti. Tuligombana wiki tatu. Lakini mwaka ule, watu waliokuwa wameacha kuchanga walianza kuchanga tena, bila kutangaziwa majina. Na jumuiya yetu sasa inakutana mara mbili: Jumamosi alfajiri, na Dominika saa kumi jioni kwa ajili ya walinzi, wauguzi na vijana wa bodaboda. Ya jioni huja watu tisa, wakizidi sana kumi na mbili. Aliyekuwa akiandika mahudhurio ameacha, tunaandika tu majina ya wanaoumwa ili watembelewe.

Sikuagizi kulipa laki moja na ishirini. Ukiona una cha kutoa, toa; huna, kaseme huna, wala usione haya. Nakuomba urudi ukalidai lile ulilonyimwa, ukiwa umekaa mkekani kama mwenye nyumba. Na ukishalipata, umlee mtoto kama utakavyoahidi, maana padre atakuuliza mbele ya watu kama unautambua wajibu huo, na sitaki uitikie kwa mazoea.

Nimeomba ruhusa kazini. Napanda basi la Alhamisi alfajiri, nitafika Songea usiku. Jumamosi nakwenda jumuiyani kwenu, nimeshampigia mwenyekiti simu nikamwambia mimi ni dada yako na nina maneno mawili, moja la kuuliza na moja la kushukuru kwa ajili ya baba. Ukitaka kwenda nami, twende. Usipotaka, nitakwenda peke yangu, nikirudi tutakunywa chai, na undugu wetu uko pale pale.

Fomu usiitupe. Na kama mtakuja, mtoto mvalisheni sweta lile la bluu, saa kumi na mbili huko kwenu baridi ni kali.

Dada yako