Salio la asubuhi lisionekane alasiri

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaoandika mifumo ya SACCOS hapa Moshi na ya kampuni za utalii kule Arusha, pamoja na mameneja wanaoinunua. Mfumo ukionyesha saa tisa alasiri salio la asubuhi, au ukihitaji kuzimwa na kuwashwa kila baada ya siku chache, lawama huangukia seva au mtandao. Mara nyingi kosa limo ndani ya programu: objekti, yaani kipande cha programu chenye data na kazi yake, imeachwa iishi kupita muda wake.

Siku hizi mwandishi wa programu haundi kila objekti kwa mkono. Huisajili kwenye kontena, nalo huiunda, humkabidhi anayeihitaji na kuifunga kazi ikiisha. ASP.NET Core, jukwaa la Microsoft la kuundia mifumo ya wavuti, ina namna tatu za kusajili. Singletoni huundwa mara moja, ikatumiwa na wote hadi mfumo uzimwe. Ya skopu huundwa moja kwa kila ombi linaloingia. Transienti huundwa mpya kila inapohitajika.

Sheria ni hii: objekti ya maisha marefu isiishike ya maisha mafupi. Mark Seemann, mwandishi wa vitabu vya programu, aliliita kosa hili utegemezi mateka, na jina hilo linafaa kabisa.

Tuchukue kikokotoo cha riba kilichosajiliwa singletoni, huku konstrakta yake, yaani sehemu inayokiunda, ikiomba DbContext, objekti inayozungumza na hifadhidata. DbContext kwa kawaida ni ya skopu: hufunguliwa ndani ya ombi na kufungwa ombi likiisha. Ikishikwa na singletoni, haifungwi hadi mfumo uzimwe. Kwa kuwa haikubali kazi mbili kwa wakati mmoja, makeshia wawili wakibonyeza pamoja, mmoja hupata ujumbe kwamba kazi ya pili imeanza kabla ya ya kwanza kuisha. Hilo angalau linaonekana. Baya zaidi ni lile la kimya: kwa mpangilio wake wa kawaida, DbContext hukumbuka kila safu (rekodi) iliyokwisha kuisoma, na ukiisoma tena hukurudishia thamani zilezile za mwanzo hata kama hifadhidata imebadilika. Mwanachama akiweka shilingi 200,000 saa nne kwenye dirisha jingine, kikokotoo bado kinapiga riba kwa salio la saa mbili. Fedha hiyo ni jasho la mtu, pengine la kahawa ya msimu mzima. Na kwa kuwa safu hizo haziachiliwi, kumbukumbu ya seva nayo hujaa polepole.

Kwenye laptopu kosa huenda lisionekane, maana mtumiaji ni mmoja. Kikaguzi kipo, ValidateScopes, lakini chenyewe huwaka mazingira yakiwa Development tu, yaani ya kutengenezea. Usipoyataja, mfumo huchukua Production, yaani ya kazi halisi, na kikaguzi hulala. Kiwasheni kwa mkono, pamoja na ValidateOnBuild, ili mfumo wenye kosa ukatae kuwaka. Objekti mnazoziunda kwa kitendakazi chenu wenyewe someni kwa macho, kwani ValidateOnBuild haioni ndani yake.

Tafadhali msiigeuze DbContext kuwa singletoni ili kosa linyamaze. Mtakuwa mmeyaficha maradhi yaleyale. Kikokotoo ndicho kishushwe kiwe cha skopu. Kazi za usiku zinazoendeshwa na BackgroundService, kama kuingiza riba ya mwezi, huishi kama singletoni. Hizo ziombe IServiceScopeFactory, objekti ya kufungulia skopu, zifungue skopu kwa kila kundi la wanachama, tuseme 500, na kuifunga kabla ya kundi linalofuata.

Wanaotumia Spring, jukwaa la lugha ya Java, wakumbuke kwamba huko singletoni ndiyo hali ya kawaida usiposema vinginevyo. Objekti ya prototype, yaani inayoundwa mpya kila inapoombwa, ikiingizwa ndani ya singletoni huundwa mara moja tu, wala kontena haliifungi.

Mameneja, kabla ya kusaini kupokea mfumo, wekeni makeshia wawili kwenye akaunti moja ya majaribio. Wa kwanza aifungue na kuona salio, wa pili aweke fedha, kisha wa kwanza aifungue tena. Rudieni hivyo kwa taarifa ya riba. Andikeni kiasi cha kumbukumbu kinachotumika kwenye seva kila jioni kwa wiki nzima bila kuiwasha upya. Tena daini orodha ya singletoni zote na kila moja inashika nini. Ni ukurasa mmoja au miwili, na aliyeuandika mfumo kwa makini ataitoa siku hiyohiyo.

Msanifu wa mifumo,
Moshi