Kuhamia Shahada ya Hisabati ya Fedha

Neema mwenzangu,

Salamu nyingi. Umeuliza, ukitoka koleji ya jamii (chuo cha miaka 2) hapo California, uhamie programu ipi ya hisabati ya fedha. Jina lake lisikuumize kichwa. Katika Chuo Kikuu cha California (UC), kampasi ya Santa Barbara wanaiita Hisabati ya Fedha na Takwimu, ile ya Los Angeles (UCLA) wameiunganisha na mambo ya bima, San Diego wana Hisabati na Uchumi. Kitakachokubana ni mfuatano wa kozi.

Ukiingia mwaka wa 3 vyuoni humo unabaki na mihula 6 ya kawaida, kila mmoja wiki 10 za masomo. Nadharia ya uwezekano hutangulia, ndipo takwimu za kihisabati na michakato nasibu (mambo yanayobadilika kwa bahati kadiri muda unavyokwenda), kisha hisabati ya fedha yenyewe. Ukifika hujamaliza kalkulasi ya vigeu vingi na aljebra ya mstari, unaanza kwa kuchelewa. Na kama kozi ya mwisho hutolewa mara moja tu kwa mwaka, muhula mmoja uliopotea unaweza kugeuka mwaka mzima wa ada.

Hapo ndipo wengi hunasa: yuniti (vipimo vya uzito wa kozi) kupokelewa si sawa na yuniti kutimiza sharti la programu. Kalkulasi ya wanafunzi wa biashara inaweza kuhesabiwa katika zile yuniti 60 za kuhamia, lakini kwenye programu hii haikufai kitu. Takwimu za utangulizi nazo hazisimami mahali pa uwezekano unaotumia kalkulasi. Fungua ASSIST, tovuti inayoonyesha kozi ipi ya koleji inalingana na ipi ya chuo kikuu, chagua koleji yako na chuo unachokitaka, usome mstari kwa mstari. Palipoandikwa kwamba hakuna kozi inayolingana, jua utaisomea kule kule.

Santa Barbara imo katika kampasi 6 za UC zenye TAG, yaani dhamana ya kupokelewa ukitimiza masharti. UCLA na San Diego hazimo. Fomu ya TAG hupelekwa kati ya tarehe 1 na 30 Septemba, kwa kampasi moja tu, na hakikisha programu yako haijatengwa kwenye TAG. Maombi ya kawaida bado ni lazima. Hupokelewa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi mwisho wa Novemba. Januari unasasisha alama zako kwenye maombi hayo. Wanaosahau hatua hii ni wengi mno.

Kupima uzito wa programu, omba silabasi ya kozi ya fedha. Tazama mlinganyo wa Black na Scholes wa 1973, wa kukokotoa bei ya opsheni (haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa): wanaujenga hatua kwa hatua, au wanakupa fomula uchomeke namba? Kama ni kuchomeka tu, mimi ningechukua hisabati tupu yenye uchanganuzi halisi (kalkulasi inayojengwa kwa uthibitisho) na uandishi wa programu za kompyuta, maana kazi nyingi za kukokotoa bei za opsheni hudai shahada ya uzamili, na huko watakuuliza uthibitisho.

Nitumie orodha ya kozi ulizomaliza pamoja na alama zake kabla Agosti haijaisha, tuilinganishe na ASSIST.

Wako,
Zuhura