Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Upepo na Joto la Karibu na Ardhi katika Utabiri wa Pemba

Waheshimiwa wanachama, Assalaam alaykum.

Kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu ni kulinganisha utabiri tunaoupokea na vipimo vya vituo vyetu vya kujitolea, hasa katika tabaka la chini la hewa, ambalo ndilo linalokausha karafuu majamvini na kujaza tanga la mvuvi.

Modeli za utabiri, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ijayo, huigawa dunia katika miraba, na katika modeli kuu ya kituo cha utabiri cha Ulaya kila mraba una upana wa takriban kilomita 9. Kisiwa chetu hakizidi sana kilomita 20 kwa upana, kwa hiyo mraba mmoja huweza kukusanya bahari, mikoko, mabonde ya mpunga na vilima vya mikarafuu. Modeli za kisasa hukadiria sehemu ya maji na ya nchi kavu, lakini hewa iliyo juu yake huhesabiwa kuwa moja.

Tatizo huzidi usiku. Kanuni za wanasayansi wa Kisovieti Monin na Obukhov za mwaka 1954, ambazo modeli nyingi bado huzitegemea kukisia jinsi upepo unavyopungua kuelekea ardhini, zinafaa zaidi mahali tambarare penye sura moja, nazo hupata taabu anga likiwa safi na hewa ya chini ikapoa hadi kujitenga na ya juu. Ndiyo maana madaftari yetu yanaonesha utabiri ukiendeleza kusi hadi alfajiri, ilhali bondeni hewa imelala, majani yamelowa, na majamvi hayawezi kutandikwa mapema. Kwangu mimi, hili ndilo jambo kubwa la mwaka.

Vipimo vitawasaidia wataalamu iwapo tu vinalinganika. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka upepo upimwe mita 10 juu ya ardhi, na joto kati ya mita 1.25 na 2, kivulini. Kwa hiyo kamati iliweka kando vipimo vilivyochukuliwa karibu na mapaa ya bati, ingawa waliovisoma walikuwa na bidii ya kupigiwa mfano.

Hesabu za fedha zitasomwa na Mshika Fedha.

Kamati inapendekeza vituo vipangwe katika mstari mmoja kutoka pwani hadi vilimani, na vipimo vya alfajiri visikose, kisha vikabidhiwe Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania pamoja na maelezo ya kila mahali. Wanachama wa Micheweni na Mkoani wanaombwa kutaja wasomaji wao wa vipimo kabla mkutano haujafungwa.