Barua kwa mwanangu: hujamkosea Mungu chochote

Mwanangu, shikamoo yako nimeipata kwa mama yako, marahaba. Jana uliponiuliza lile swali kwenye simu nikanyamaza we ukadhani mtandao umekata. Haukukata, nilikuwa nakusikia vizuri tu unavyolia, ila mi kilio cha mtoto wangu huwa kinanifunga mdomo, wewe mwenyewe unanijua, kwahiyo nimeona bora niandike hata kama haya maherufi ya simu yananitesa na macho yenyewe ndo haya.

Uliuliza baba nimemkosea nini Mungu mpaka mwanangu azaliwe wiki ya 30 na kilo moja na gramu mia mbili. Hujamkosea chochote. Hilo ndo jibu, ukichoka kusoma ishia hapa.

Ila ngoja nikuelezee. We ulikuwa huko Mwanza ile tarehe 3 Desemba 2023, hukuona. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, mshumaa wa kwanza ulikuwa tayari kanisani tunasubiri kupambazuke vizuri tukauwashe. Mvua ilikuwa imenyesha sana. Alfajiri nikasikia mngurumo nikadhani ni malori ya ngano yanapita, kumbe ni upande wa mlima Hanang, ardhi ilikuwa imenyonya maji mpaka ikashindwa kujibeba, ikamomonyoka, tope likashuka na mawe na magogo likapita Jorodom likaingia mpaka Katesh mjini sokoni, Gendabi nako hivyohivyo. Watu zaidi ya 80 walifariki. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi akakatisha safari akarudi, wanajeshi wakaja kuchimba, na sisi tulichimba kwa majembe ya shamba yaleyale.

Sasa haikupita wiki, kwenye kibanda cha chai mzee mmoja akaanza, pale palikuwa na dhambi, ndo maana. Nikamuuliza, mzee, unamaanisha hata wale watoto waliokuwa wamelala? Akanyamaza akanywa chai yake. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikafungua Luka 13, wale watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, Yesu anauliza, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote wakaao Yerusalemu? Anajibu mwenyewe, sivyo. Najua we ulivyo utasema baba umeruka, mbele yake kuna maneno ya kutubu. Sijaruka, hayo yanatuhusu sote tuliobaki, siyo waliofukiwa.

Na kuna kitu sijawahi kukwambia. Lile tope lilipita karibu kabisa na ua wetu. Mama yako akataka asimame kanisani atoe ushuhuda kwamba Mungu katuepusha, nikamwambia mama nanihii, tushukuru, ila tushukurie chumbani, maana benchi la nyuma yetu kuna mwenzetu kazika watoto, sasa yeye atoe ushuhuda gani? Kwamba yeye Mungu hakumpenda? Mimi ushuhuda wa hivyo siuwezi mpaka leo.

Kwahiyo usidhani nakuandikia kama mtu asiyejua. Hata mi niliuliza kama wewe, nikakaa miezi naisoma ile Zaburi 91, kwa manyoya yake atakufunika, chini ya mbawa zake utapata kimbilio, nikawa naona kama haijasema kweli. Mi nilikuwa naielewa kama bati, yaani ukiwa chini ya bati mvua haikuhusu. Mpaka siku moja masika nimekaa barazani namwangalia yule kuku wetu mwekundu, ana vifaranga, mvua imemkuta katikati ya uwanja. Hakukimbia, vifaranga vingeachwa. Alikaa palepale akatandaza mabawa, mvua ikampiga mpaka akawa kama kitambaa cha deki, na mvua haikuacha kunyesha kwa sababu yake, ila chini pale vifaranga vilikuwa vinalia kwa raha ya joto. Anayelowa ni yeye. Nikarudi kwenye Luka, shuka chini kidogo sura hiyohiyo ya 13, Yesu anaililia Yerusalemu anajifananisha na nani? Na kuku na vifaranga vyake! Angeweza kusema simba, akasema kuku. Sura moja na ule mnara, na mimi miaka yote nilikuwa naishia juu.

Alafu juzi ukatuma ile picha. Mtoto umemfunga kifuani kwa kanga, kinaonekana kikofia tu. Mama yako akasema wanaita kangaruu, nikasoma kwenye simu, kumbe ilianza Bogotá kule Colombia mwaka 1978, mashine za kuwapa watoto joto zilikuwa chache, ndo madaktari wakasema basi mama mwenyewe awe mashine, na sasa dunia nzima wanaishauri. Niliiangalia ile picha muda mrefu. Umeniambia mgongo unauma, hulali, unakamua maziwa usiku anapewa kwa mrija. Mwanangu, mtoto wako hajui hata kama uko macho. Anajua joto tu.

Na yule aliyekuambia eti ni kwa sababu hamjafunga ndoa kanisani, mwachie mimi. Ndoa itafungwa, hiyo ni habari ya mahari na huyo mwenzio anavyonizungusha, lakini Mungu hapimi gramu za mtoto kwa cheti cha ndoa.

Mama yako anapanda basi Alhamisi, kabeba unga wa lishe, samli na yule kuku, hapana natania, yule kuku haendi popote. Nimekutumia elfu hamsini, ya kutolea iko humohumo. Mwenzio naye nesi akiruhusu avue shati amshike mtoto we ukaoge, ulale kidogo, wanaume nao wana kifua.

Kesho wakimpima nitumie gramu tu, hata salamu usiandike.

Baba yako.